Ndevu za Riziki

Wanangu wa chama cha kusoma pale Kwa Mathias, nimepata ujumbe wenu. Nimeelezwa kwamba mnasoma kwenye simu hadithi fupi za miji isiyokuwepo, ambako wakubwa huhesabu ndoto za watu na mvua hainyeshi bila kibali. Nimeelezwa pia kwamba mwezi uliopita mlinuniana kwa sababu ya hadithi moja yenye wasichana wawili wanaopendana, wengine wakitaka ifutwe kwenye kundi, wengine wakitaka ibaki. Mmoja wenu akasema muulizeni yule bibi aliyekuwa akisoma kama kazi. Ndiyo mimi. Magoti yangu hayataki tena safari ya kutoka Kisarawe kuja huko, kwa hiyo nimeandika.

Jina langu ni Mwanaidi. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msoma prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Kongowe, hii yetu ya Kibaha, siyo ile ya Dar es Salaam. Prufu ni karatasi ya majaribio inayotolewa kabla mtambo haujaanza kuchapa mamia na maelfu. Msoma prufu huilinganisha na mswada wa mteja, neno kwa neno, na kutia alama palipokosewa. Tulichapa madaftari, fomu za ofisi, kadi za harusi, kalenda, ratiba za mazishi, na mara chache sana kitabu.

Nilipoanza nilidhani kazi hii inataka mtu anayejua Kiswahili. Nilikijua, nikajiona. Wiki ya tatu nikapewa kadi ya harusi ya familia moja ya Mlandizi. Niliisoma mara tatu, nikatia sahihi. Kadi mia mbili zikatoka, nzuri, zenye maua ya dhahabu pembeni, zikiwaalika ndugu na marafiki kwa sababu kijana wao anatarajia kumuua binti wa fulani. Ilitakiwa kuwa kumuoa. Herufi moja tu. Baba wa binti alikuja mwenyewe, akaweka kadi mezani kwangu, akauliza kwa upole kabisa kama tarehe ya kumuua ndiyo hiyo hiyo ya kwenye kadi au atapewa muda. Mpaka leo nikikumbuka ule upole wake nachoka.

Baada ya hapo nikahamishiwa meza ya Mzee Mapunda, na hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Mzee Mapunda alikuwa mtu wa Songea. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha, akaja pwani. Alivaa tai kila siku, hata mwezi wa pili ambapo Kibaha hewa husimama kama iko ndani ya chupa. Mkatoliki wa kila Jumapili. Hakuwa na mke. Hakupandisha sauti hata siku moja kwa miaka yote niliyokaa mbele yake, na tulikaa hivyo miaka kumi na saba, meza moja, yeye upande wa dirisha.

"Hukusoma ile kadi," aliniambia siku ya kwanza. "Ulijua itasema nini, ukaikubalia."

Akanifundisha kufunika mistari ya chini kwa rula ili jicho lisitangulie. Akanifundisha kusoma ukurasa kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu maneno yakiwa hayana maana kosa hujitokeza lenyewe. Vichwa vikubwa vya habari visomwe mwisho na mara mbili, maana kila mtu huviruka akidhani mwenzake ameshaviona. Kalenda moja ya chuo ilitutoka imeandikwa KALEDNA kwa herufi za urefu wa kidole. Majina ya watu, herufi kwa herufi. Tarakimu, kwa sauti. Chai, mbali na karatasi.

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia zaidi ya mengine. "Ukiona kosa, sahihisha. Ukiona kitu usichokielewa, hilo si kosa. Weka alama ya kuuliza pembeni, mwenye kazi atajibu."

Aliposema mwenye kazi alimaanisha aliyeandika. Nililishika kwa maneno. Miaka mingi baadaye nikaja kulivunja.

Ilikuwa miaka tisa au kumi iliyopita. Kikundi cha waandishi wapya kilituletea mswada wa hadithi nane, kila hadithi na mwandishi wake. Hadithi ya sita iliandikwa na nesi wa zahanati moja huko Dutumi, binti anayeitwa Tumaini. Kurasa kumi na mbili. Sikuwa nimezoea hadithi za namna ile. Nilizoea hadithi zenye mtoto yatima na mama wa kambo.

Nitawasimulia kwa kifupi, kwa sababu hamtaipata popote.

Kuna mji wenye bomba moja. Maji hutolewa kwa kadi, na kadi nzima hupewa kaya kamili tu. Kila Jumanne hupita ofisa anayeitwa Mhesabu. Anaingia hadi chumbani, anahesabu mito ya kitanda, vikombe na miswaki, anaandika, anaaga kwa adabu. Amani na Riziki wanaishi pamoja siku nyingi, na katika daftari la Mhesabu wao ni kaya pungufu. Wanapewa robo kadi. Wanaoga kwa zamu ya siku, mmoja leo mwenzake kesho. Kisha jirani mmoja anawanong'oneza kwamba sheria ina huruma kwa mfiwa: aliyefiwa na mtu wa nyumbani mwake hupewa kadi nzima. Basi siku moja Riziki anakwenda ofisini, anajaza karatasi kwamba Amani amekufa.

Msiba unawekwa. Majirani wanakuja, wanakalia mikeka, wanakunywa chai. Amani yuko chumba cha ndani, mzima, anasikia watu waliokuwa wakimchongea kwa Mhesabu wakimsifu. Tangu siku hiyo maji hayakatiki, ila Amani hawezi tena kutoka, wala kukohoa mgeni akiwepo, wala kuitikia mtu anayebisha hodi. Mwisho wa hadithi Riziki hayupo, na mlangoni kuna mtu anapiga hodi. Ni mama yake Amani, habari ya msiba imemfikia shamba kwa kuchelewa. Anapiga hodi mara ya pili, mara ya tatu. Amani anajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hadithi inaishia hapo.

Niliisoma peke yangu kabla ya chakula cha mchana.

Sasa angalieni nilichofanya. Kiswahili chetu hakisemi yeye wa kike wala yeye wa kiume. Amani ni jina la yeyote, Riziki vilevile. Nina mjomba Riziki na nina shangazi Riziki. Nikasoma kurasa zote zile nikiwa nimeshaamua kwamba Riziki ni mke. Nikadhani upungufu wa kaya yao ni kukosa mtoto. Nikawahurumia. Na kwa kuwa niliwahurumia, nikaona mwandishi amesahau kueleza, nikamsaidia: ukurasa wa kwanza, palipoandikwa "Amani na Riziki", nikatia "Amani na mkewe Riziki". Ukurasa wa tisa, asubuhi ya msiba, palikuwa na sentensi inayosema Riziki alinyoa ndevu zake mbele ya kipande cha kioo, na Amani akamshikia taa. Nikatabasamu. Nikakata "ndevu", nikaandika "nywele". Binti kachanganya, nikasema moyoni.

Sikuweka alama ya kuuliza. Nilisahihisha.

Baada ya chakula tukakaa kwa usomaji wa pili. Huu husomwa na wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti, mwingine anafuata prufu kwa kalamu. Siku hiyo msomaji alikuwa Mzee Mapunda. Alisoma sentensi ya kwanza.

"Hapo nimeongeza mkewe," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ili msomaji asipotee."

Akanitazama juu ya miwani, akaendelea. Alisoma kwa sauti yake ile ya darasani, nukta na mkato vyote vikitajwa. Tulipofika ukurasa wa tisa akasoma, "Riziki akanyoa ndevu zake, mkato."

"Hapo ni nywele. Nimesharekebisha."

"Mswada unasema ndevu."

"Mzee, mwanamke hana ndevu."

"Nani amekuambia Riziki ni mwanamke?"

Nikarudi ukurasa wa kwanza kutafuta. Nikatafuta wa pili, wa tatu. Hapakuwa na mahali. Ni mimi niliyejiambia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino mwekundu.

Wanangu, niseme ukweli wangu. Nilipoelewa kwamba ni wanaume wawili nilishtuka, na si kwa sababu ya kosa la kazi peke yake. Mimi ni mtoto wa Maneromango, nimelelewa madrasani, na mambo hayo kwetu yalitajwa kwa kunong'ona au kwa matusi, hakuna sauti ya katikati. Nikataka kumwambia mzee tuiache ile "mkewe" ibaki, itapita salama. Nikamtazama.

Alikuwa ameshachukua kalamu yangu. Kwa miaka yote hakuwahi kugusa alama za msomaji mwenzake. Alikuwa akisema tu, wewe unabadilisha mwenyewe. Siku hiyo akainama juu ya prufu, akaweka nukta chini ya neno "ndevu" nililolikata, na pembeni akaandika "iachwe". Hiyo ndiyo alama yetu ya kurudisha neno lililokatwa kimakosa. Akarudi ukurasa wa kwanza, akafuta "mkewe", akaandika tena "iachwe". Akaweka kalamu chini, akaendelea kusoma kutoka palepale kwenye mkato.

Alisoma hadi mwisho. Hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu, nukta. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akainuka akatoka nje. Chai yake ikapoa dirishani.

Nilibaki nimekaa, na hapo ndipo nilipomkumbuka Elias.

Elias alikuwa fundi cherehani. Alitoka Songea na Mzee Mapunda wakiwa vijana, wakapanga nyumba moja Kongowe, na hawakuhama. Kiwandani tulimjua wote. Ndiye aliyetushonea makoti ya kazi. Mchana alikuja na hotipoti ya bluu, akamkabidhi mzee getini, wakabishana kidogo kuhusu chumvi, akaondoka. Tukimtania mzee, anasema, "Jirani yangu ana huruma." Wanaume wawili wa bara kupanga pamoja si habari kwa mtu. Sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo.

Elias alikufa miaka miwili kabla ya ile hadithi. Kaka yake alikuja kutoka kwao kuchukua mwili, na kwa kuwa alisikia marehemu ana mtu anayefanya kazi kwenye uchapaji, akaileta ratiba ya mazishi ichapwe kwetu. Ikaletwa mezani petu kama kazi nyingine yoyote. Mimi nikashika prufu, Mzee Mapunda akasoma mswada.

"Marehemu ameacha kaka wawili, mkato, dada mmoja na wapwa tisa, nukta. Marehemu hakuwahi kuoa, nukta. Familia inawashukuru majirani wote wa Kongowe, nukta."

Alisoma hadi chini bila kukwama. Kisha akasema, "Sahihi. Hakuna kosa." Akatia sahihi yake.

Mwili uliondoka jioni kwa gari. Kesho yake saa mbili kamili mzee alikuwa kwenye kiti chake, na tai. Hakuomba ruhusa ya msiba. Fomu ya ruhusa ina mstari wa kujaza uhusiano wako na marehemu. Fomu ile tulikuwa tumeichapa sisi wenyewe, mimi na yeye ndio tulioisoma. Nilimpa pole ya jirani, akasema ahsante, tukasoma kalenda.

Miaka miwili nilikuwa nimekaa mbele ya mfiwa nikimpitishia rula.

Wiki ile ile tuliyosoma hadithi yake, Tumaini alikuja kuona prufu. Waandishi wengi hawaji. Yeye alitoka Dutumi asubuhi kwa pikipiki hadi barabara kubwa, akafika na vumbi kwenye nyusi. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia, nikampa kurasa zake. Akaziona zile alama.

"Mama, nani aliweka mkewe hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona imepungua kitu."

Akafikiri. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Yule Mhesabu wangu naye ni hivyo hivyo," akasema. "Si mtu mbaya. Anataka tu hesabu itimie."

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza aliyatoa wapi mambo yale, binti mdogo kama yeye.

"Mimi ni nesi, mama. Watu wakiwa na homa kali husema. Wakipona wananiomba nisahau, nami nawaambia nimesahau." Akageuza ukurasa. "Huyu aliyeandika iachwe ni nani?"

Nikamwonyesha Mzee Mapunda kwa macho. Yeye alikuwa ameinamia daftari la mahudhurio la shule kana kwamba lina siri. Tumaini akaenda mezani, akamwamkia. "Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia. Akamwambia kuna mkato umezidi ukurasa wa nne, kama ataruhusu uondolewe. Binti akaruhusu. Basi, hayo ndiyo mazungumzo yao yote.

Meneja wetu hakuwa mtu wa kusoma tulichochapa. Lakini siku ya kuchapa fundi wa mtambo alisoma karatasi zikitoka, akawaita wenzake, wakacheka, wakasomeana ule ukurasa wa tisa kwa sauti za kike. Kufikia saa saba meneja alikuwa na karatasi mkononi, ametuita sote wawili ofisini kwake. Alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa huwa mkali.

"Hii ikifika kwa watu, kiwanda kinafungwa," akasema. "Wafanyakazi kumi na wanne. Mmefikiria hilo?"

Nilikuwa nalifikiria. Hakuwa anasema uongo, nanyi mnaijua nchi yetu.

Akatandaza prufu mezani. "Naona hapa ilikuwa mkewe. Ilikuwa inapita vizuri tu. Kuna mtu akairudisha makusudi. Rudisheni mke, tuchape upya, yaishe."

"Haturudishi bila mwenye kazi," Mzee Mapunda akasema.

Meneja akampigia Tumaini simu palepale, akaweka sauti ya wazi. Akamweleza: ama mke, ama hadithi iondoke. Kwenye simu tulisikia mtoto mchanga akilia, nadhani alikuwa zamu. Akasema, "Ngojeni kidogo." Tukangoja. Mtoto akanyamaza. Akarudi akasema, "Itoeni yote. Ila hizo karatasi zangu mnirudishie." Akakata.

Kitabu kikatoka na hadithi saba.

Nilidhani yameisha. Meneja akageuza prufu ituelekee. "Sasa niambieni. Hii iachwe ni ya nani? Nataka mtu mmoja."

Mzee Mapunda alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Watu walishaanza kumwuliza maswali ya kejeli tangu asubuhi, mmoja alimwuliza kama na yeye hunyoa ndevu akishikiwa taa. Nilimwona anavuta pumzi, anaweka mkono kwenye fundo la tai. Nilijua atasema nini, kwa sababu hakuwahi kusema uongo hata kuhusu mkato.

"Ya kwangu," nikasema.

"Bi Mwanaidi..." mzee akaanza.

"Prufu ilikuwa zamu yangu, mzee. Mimi ndiye niliyeshika kalamu."

Na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Wino ulikuwa wangu, na uharibifu wa kwanza ulikuwa wangu. Msinifanye shujaa. Nilikuwa na deni la miaka miwili kwa yule mzee na sikujua njia nyingine. Meneja akatutazama, mimi na ushungi wangu, yeye na tai yake. Nadhani alijua, mwandiko wa mwalimu hufahamika. Lakini alikuwa ametaka mtu mmoja, akampata, akatosheka.

Nikahamishiwa chumba cha kukunja na kubana. Miezi saba, kabla ya kurudishwa mezani, nikipanga kurasa kwa mkono nikiwa nimesimama, na ndipo magoti haya yalipoanza. Wale waliocheka sasa walinicheka mimi. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukiswali naye alihamisha msala wake. Sikubadili dini yangu kwa sababu ya hadithi ile, na msiniombe fatwa, sina elimu hiyo. Nilichokuwa nacho ni mtu niliyemwona kwa macho, akisoma ratiba ya mazishi ambayo hayumo, akisema hakuna kosa.

Mzee Mapunda akastaafu siku yake. Akapewa soda, keki na saa ya ukutani. Aliponipa mkono hakuuachia haraka. Mtambo ulikuwa unapiga kelele.

Kuhusu Tumaini, alihamishiwa mkoa mwingine baadaye, kwa kazi tu, si kwa adhabu. Ananipigia Idd. Nimemuuliza kama anaandika, anasema anaandika na anaweka.

Kwa hiyo mkitaka kujua ninavyosoma hadithi kama hizo zenu: nazisoma polepole kuliko kadi ya harusi. Zikinisumbua siziwahi na kalamu. Kwanza natafuta ni wapi maandishi yenyewe yanasema, na ni wapi nimesema mimi. Mkifanya hivyo kisha mkataka kuifuta kwenye kundi lenu, futeni, kundi ni lenu. Lakini msifute kitu ambacho hamjakisoma, kwa sababu nimewahi kusoma kitu mara tatu na nikawa sijakisoma.

Nilipostaafu mimi, kabla sijafungasha kurudi Kisarawe, nilikwenda kumuaga Mzee Mapunda. Jumamosi, jua la saa sita. Nyumba ni ile ile ya Kongowe. Alizeeka, jicho moja lina ukungu, ila tai ilikuwepo. Sebuleni palikuwa na cherehani imefunikwa kitambaa cheupe, na juu ya kabati majora ya vitambaa ambayo hayajakatwa. Akaniandalia chai mwenyewe. Tukazungumza habari za kiwanda, nani amekufa, nani ameoa, mtambo mpya. Maneno yakaisha. Nikaona nikiondoka hivi hivi nitaondoka na kitu kisicho changu.

"Mzee," nikasema, "Elias alikuwa mtu wa namna gani?"

Akaitazama ile cherehani.

"Mbishi," akasema. "Huwezi kuamini ubishi wake. Tulikuja pwani kwa sababu alibisha kwamba bahari haina chumvi kiasi kile, tukaja kuionja."

Nikacheka. Akacheka na yeye, na sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Akaeleza jinsi Elias alivyompima mtu suruali kwa macho na asikosee. Jinsi alivyolala na redio sikioni. Jinsi walivyogombana wiki nzima kwa ajili ya paka. Jinsi alivyougua, alichoomba kula, alichosema. Hakutaja nukta wala mkato. Alizungumza kama mtu anayeshusha mzigo mmoja mmoja kutoka garini, bila haraka, akiangalia kila mmoja.

Adhana ya adhuhuri ikasikika ikiwa bado anasema. Nikamwomba radhi, nikamwomba na maji. Alinichotea, kisha akainuka akachukua jora moja juu ya kabati, akalifungua, akanitandikia sakafuni upande wa kibla, alikuwa anaujua. Kitambaa cha kijani, safi, hakijawahi kuguswa na mkasi. Yeye akatoka barazani kunipisha.

Nilipomaliza nikakikunja, nikamwita ndani. Akaketi, akauliza alikuwa amefikia wapi. Nikamwambia. Akaendelea.